Negativu Iliyobeba Wawili

Geuza hiyo ndoo ukalie, na mlango urudishie kidogo. Hii stori haitaki mtu wa kuchungulia halafu aondoke. Nikinyamaza katikati usinisukume. Nitaendelea mwenyewe.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino. Musoma nzima inanuka matope na dagaa walioshindwa kukauka. Kulikuwa na jamaa anaitwa Burito, mtoto wa Nyamuswa, Bunda kule. Shule aliishia kidato cha pili, kichwa kilikuwepo ila makalio hayakai kwenye dawati. Akawa yupo yupo mjini. Leo anapiga debe stendi, kesho anabeba mabelo ya mitumba. Mwisho akaangukia kazi ya ndani, haina jua, haina mvua: kwa Da' Dafroza, studio ya picha.

Studio ilikuwa ya baba yake Dafroza, marehemu mzee Felisiani. Huyo mzee alikuwaga anapiga picha mkoa mzima, toka enzi watu wanapanga foleni ya sabuni mpaka maduka yakajaa tena bidhaa. Alipokufa, Dafroza akaenda Nairobi, akarudi kwa njia ya Sirari na kompyuta moja na mashine ya kuskani, zimefichwa ndani ya godoro. Mpango wake ulikuwa mwepesi: negativu zote za mzee, zile filamu za picha, ziingie kwenye kompyuta, azitengeneze, awauzie watu sura za wazee wao, kubwa, za kutundika sebuleni.

Jioni moja akamwambia Burito, "Bwana mdogo, dandia baiskeli ukimbie Nyegina kabla giza halijaingia. Nyumba ya mzee, chumba cha nyuma. Kuna kopo kubwa la biskuti juu ya kabati, limejaa negativu."

"Si ulienda juzi mwenyewe? Mbona hukulibeba?"

"Linanuka. Na mimi nilikuwa na nguo za kanisani."

"Kwa hiyo mimi ndio sina pua."

"Wewe huna nguo za kanisani. Nenda."

Burito akaenda. Nyumba iko nyuma ya misheni, bati limeshika kutu, mgomba umeangukia dirishani. Akafungua kufuli. Chumba cha nyuma hakina dirisha, ndimo mzee alikuwaga anasafishia picha. Giza la mle ndani lilikuwa la zamani, kama halijatoka tangu mzee afe.

Harufu ikamfika kwanza.

Alidhani siki. Akavuta pumzi tena... hapana. Ni maziwa. Si ya ng'ombe. Maziwa ya mama anayenyonyesha, yale yanayovujia kwenye blauzi yakachacha.

Halafu sauti. Ndogo. Inatoka juu kabatini.

Nyu... nyu... nyu...

Kama kitoto kinanyonya.

"Panya hao," Burito akajisemea kwa sauti, maana mtu ukiwa peke yako unataka kusikia mtu akiongea, hata kama ni wewe. Akanyoosha mkono, akashusha kopo. Sauti ikakata.

Kopo lilikuwa la moto. Si moto wa kuunguza. Joto la mwili.

Keria ya baiskeli ilikuwa imevunjika, akalikumbatia kopo kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani. Jua limeshazama, njia inateleza, anaendesha polepole. Pale kwenye mawe makubwa, mwanamke amesimama pembeni. Kanga ameifunga chini ya kwapa, mikono ameikunja chini ya maziwa, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

"Shikamoo mama," Burito akasema akipita.

"Mshike shingo."

Alinong'ona. Burito akashika breki. "Unasema?"

"Shingo yake. Bado haijakaza."

Burito akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Hakuna mwingine. Akajua ni wale waliochanganyikiwa, wapo wengi barabarani. Akakanyaga pedeli, hakugeuka. Nyuma hakusikia hatua. Harufu tu ndiyo ilimfuata... maziwa, maziwa, mpaka kwenye taa za mjini.

Na kitu kimoja kilimkosesha raha mpaka anafika. Bila kujua, alikuwa amepitisha kiganja chini ya lile kopo, amelilaza kidogo mkononi. Vile unavyoshikilia shingo ya kichanga.

*

Da' Dafroza akamfundisha kazi.

"Sikiliza. Mimi nataka mbichi."

"Mbichi vipi?"

"Hii mashine ukiiachia inakupikia yenyewe. Inakoleza weusi, inang'arisha weupe, inafuta vumbi. Yote hayo zima. Picha itoke imefifia, kijivu, kama uji wa mgonjwa. Usikoleze, usikate, usifute. Maana ukikoleza, kilichokuwa kwenye giza kinazama mazima, hukipati tena. Mbichi inabeba kila kitu. Kupika nitapika mimi baadaye, kwa macho yangu."

"Kwa hiyo mimi ni mkata vitunguu."

"Vitunguu hujafika. Wewe ni wa kuchota maji. Na uharakishe, hizi mvua zinaniletea ukungu. Negativu zinaliwa."

Ni kweli, zilikuwa zinaliwa. Ukungu unaanza pembeni, vinyuzi vinyuzi kama mizizi, unaingia ndani ya picha polepole. Ukishika sura ya mtu, basi. Sura imekwenda.

Burito akawa anachota maji. Anapanga negativu kwenye kioo, anafunika, anabonyeza. Krrr... zzzzz... taa inatembea chini ya kifuniko kama mtu anapita na tochi nyuma ya pazia. Sura zinajitokeza kwenye kompyuta mstari kwa mstari: maharusi, wanajeshi, watoto wa komunyo. Wote wa kijivu. Wote wanakuangalia kama wametoka usingizini.

Siku moja mchana, mvua inapiga bati mpaka huwezi kujisikia, Dafroza ametoka kidogo. Burito akaweka kipande kutoka kwenye lile kopo. Mashine ikalia. Picha ikaanza kushuka.

Akaijua kabla haijaisha.

Ilikuwa picha ya kwao. Hiyo hiyo inayoning'inia ukutani Nyamuswa tangu ana akili. Mama yake Petronila amekaa kwenye kiti. Kushoto kaka yake Mihayo, ana kaptula imemzidi. Kulia dada yake Boke, gauni la marinda, amenuna. Yeye Burito hayumo. Alishauliza akiwa mdogo, akaambiwa hukuwa umezaliwa bado.

Ila ile ya ukutani, nyuma yao kuna pazia jeusi. Hii mbichi haikuwa na pazia.

Ilikuwa na watu.

Wanawake wamejifunga vilemba, wamelala ubavu, kama picha nyingine imegeuzwa ikawekwa ndani ya hii. Na nyuma ya Mihayo, amesimama wima, mwanamke wa gauni jeupe. Mwepesi, kama moshi. Kwenye uso wa Boke nako kuna doa, sijui ni vumbi, sijui nini. Burito hakulijali. Alikuwa anamwangalia mwanamke.

Puani ana kitu cheupe. Viwili.

Akajua ameambiwa asikoleze. Lakini si utaifunga bila kuhifadhi, nani atajua? Akashika kipanya, akatafuta kile kimshale cha giza na mwanga, akavuta kulia. Kidogo. Mwanamke akasogea mbele. Akavuta tena. Shavu likatoka. Kola ya maua ikatoka. Vile vitu vya puani... pamba.

Pamba ya maiti.

Na kadiri mwanamke anavyotoka, Mihayo anazama. Kaptula kwanza. Mikono. Halafu uso, taratibu, kama mtu anayerudi kinyumenyume ndani ya chumba chenye giza, mpaka pale alipokuwa pakawa peusi tu.

Mwanamke akabaki anamwangalia Burito. Macho wazi.

Maziwa yalinuka chumba kizima.

Burito akataka kufunga haraka. Kompyuta ikamuuliza kitu kwa Kiingereza. Kidato chake cha pili kikamdanganya, akabonyeza pale palipokolezwa, akidhani ndio "achana nayo". Mashine ikaguna. Ikahifadhi.

Jioni ile, Rafaeli akaja studio. Huyu ni konda wa basi la Nyamuswa, wamekua pamoja, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alisimama mlangoni analowa tu.

"Kaka, kaa kwanza."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Mihayo. Alikuwa anavusha ng'ombe pale korongoni, mchana huu. Maji yamempitia."

"Ameumia?"

Rafaeli akavua kofia. "Walimkuta chini huko, kwenye miti. Uso umejaa tope jeusi. Wamemwosha, wamemwosha... halitoki vizuri."

*

Walimzika Mihayo kwenye mvua. Kaburi wanachimba, maji yanajaa, wanachota, yanajaa.

Baada ya watu kupungua, Burito akaingia sebuleni, akasimama mbele ya ile picha. Mama amekaa. Boke amenuna. Alipokuwa Mihayo pote pamekuwa peusi. Wajomba walisema ni unyevu, si unaona nyumba inavuja.

Boke akaja nyuma yake anatembea kwa kuyumba, mimba imefika shingoni. Macho yamevimba kwa kulia, lakini Boke alikuwaga haachi utani hata jeneza likiwa mlangoni.

"Mtu wa kompyuta, hebu niangalie vizuri. Nimezeeka?"

"Kwa nini?"

"Asubuhi kwenye kioo sijipati. Najiona kama kuna mtoto amelala juu ya uso wangu." Akacheka, akapangusa shavu kwa kiganja, kama anafuta kitu. "Mimba hizi, mdogo wangu, usije ukabeba."

Burito hakucheka. Akaenda jikoni. Mama Petronila alikuwa anachambua mchele wa wafiwa, kichwa chini.

"Mama. Kwenye ile picha, nyuma kulikuwa na nini?"

"Pazia."

"Kuna mwanamke ana pamba puani."

Mkono wa mama ukasimama ndani ya ungo. Akausukuma mlango kwa mguu mpaka ukafunga.

"Amevaa nini?"

"Gauni jeupe. Kola ya maua."

"Hiyo nilimvalisha mimi," mama akanong'ona. Akauweka ungo chini, mvua inaongea peke yake. "Huyo ni dada yangu Tereza. Ndiye aliyekuzaa."

Burito alisikia masikio yanaziba.

"Kwetu Butiama," mama akaendelea, "mtu akifa ananyonyesha, hazikwi mikono mitupu. Zamani walikuwaga wanamwekea mbeleko ya mtoto, ajue amepewa chake, asirudi kumfuata. Enzi zetu tukaona mbeleko ni ushamba, tukaanza kuweka picha. Uliposhikwa kichanga juu ya jeneza, Felisiani akapiga picha. Tukamwambia Tereza kwa mdomo, wote tukisikia: picha ya mwanao utaletewa, tutaifukia kichwani pako siku ya kusafisha kaburi."

"Ikaletwa?"

"Nani alete? Miaka ile, vita vya Amin vimeisha, hakuna sukari, hakuna chumvi. Kila nikienda studio, mara karatasi hazipo, mara dawa ya kusafishia haipo. Siku moja nikaenda na Mihayo na Boke tupige ya kumtumia baba yenu, alikuwa bado jeshini Uganda. Wewe nilikuacha kwa jirani. Hukutakiwa kupigwa nyingine mpaka yeye apate yake. Mwisho Felisiani akaniambia ile ya msiba imeungua."

"Si mngeweka mbeleko."

"Niliipeleka. Nikaichimbia na mikono yangu hii. Asubuhi tukaikuta juu ya kaburi, imekunjwa vizuri." Mama akamshika kifundo cha mkono, vidole vya baridi. "Hakuahidiwa mbeleko, mwanangu. Aliahidiwa picha. Kama ipo huko kwenye kompyuta, itoe. Itoe nimpelekee, kabla Boke hajafika siku yake. Mimi sina mwingine wa kutoa."

*

Burito akarudi Musoma na gari la mwisho kabla barabara haijaharibika. Da' Dafroza alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyepata dawa ya kitu.

"Sasa si rahisi hiyo? Mkanda wa picha miaka ile ulikuwa unatafutwa kama sukari. Mzee alikuwaga mjanja. Mkanda akishindwa kuusafisha, anaurudisha nyuma, anapiga tena juu yake. Msiba chini, studio juu. Akifika kwenye karatasi anakoleza giza mpaka ile ya kwanza inazama, watu wanaona pazia. Huyo mama alilala kwenye jeneza, kamera msibani ilishikwa wima, studio ikalazwa. Ndio maana unamwona amesimama. Hakuna jini hapo."

"Na harufu?"

"Negativu kuukuu zikioza zinanuka siki."

"Nusa."

Akanusa. Akanusa tena. Hakusema siki mara ya pili.

"Da' Dafroza, maiti wanafungwaga macho?"

"Wanafungwa."

Burito akamwonyesha kwenye kompyuta. Dafroza akatazama... akachukua mkoba wake, taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba chenye mbwa asiyemjua.

"Fanya unachofanya, ukimaliza funga," akasema tayari yuko nje. "Ufunguo kaa nao. Usiniletee nyumbani."

Burito akabaki. Akaishika ile negativu kwenye taa. Pale alipokuwa Mihayo pamekuwa wazi, plastiki tupu, kama hapajawahi kupigwa mtu. Negativu yenyewe hakuna aliyeigusa. Mihayo alimgusa kwenye kompyuta tu.

Akaiskani upya. Mbichi. Krrr... zzzzz...

Mwanamke hakuwa tena kushoto. Alikuwa nyuma ya kiti cha mama, ameinamia upande wa Boke. Mkono mmoja ameunyoosha. Na lile doa kwenye uso wa Boke, sasa Burito aliliona ni nini. Ni mtoto. Kichanga kimelala ubavu, mikono ya mtu imekishika, na uso wake umekaa sawasawa juu ya uso wa Boke. Pua juu ya pua. Jicho juu ya jicho.

Pembeni, ukungu umeingia. Vinyuzi vyake vimefika kwenye marinda ya gauni.

Akashika kipanya. Akavuta kulia, kidogo tu. Kichanga kikaanza kutoka. Sikio. Alama ya kuzaliwa chini ya sikio, ile ile anayoipapasa yeye kila akinyoa. Ni yeye kabisa. Akavuta tena kidogo... na midomo ya Boke ikazama. Pua ya Boke ikazama. Yakabaki macho mawili yanamwangalia kutoka kwenye giza.

Akaachia upesi. Akarudisha katikati.

Akafikiri. Akavuta kushoto.

Boke akarudi, amenuna, mzima, kila rinda. Kichanga kikawa kinafifia. Burito akavuta tena, na mdomo wake ukajaa ladha ya udongo mbichi, kifua kikakataa kupanda, kama kuna watu wamekaa juu yake. Alitaka kuendelea. Nakwambia kweli, alitaka. Alimpenda Boke. Boke ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni mama akienda shamba. Lakini mkono ukaachia wenyewe, kama unavyoachia sufuria la moto kabla hujaamua.

Akaanguka na kiti. Alipopata pumzi, kimshale kilikuwa kimerudi katikati.

Baada ya kama saa moja mlango ukagongwa. Rafaeli.

"Basi letu limekwama huku, daraja limekatika," akasema. "Nimetoka misheni, kuna taarifa kwa simu ya upepo kutoka kwenu. Boke ameshikwa na uchungu tangu mchana. Hospitali hawamfikishi, maji yamefunga pande zote."

"Anaendeleaje?"

"Hawaelewi. Alikuwa anaongea vizuri, mara akazimika. Ghafla tu, kama mtu kazima taa. Halafu akarudi. Anasema kulikuwa na giza, na kuna mtu alikuwa anampapasa usoni, anatafuta." Rafaeli akakunja pua. "Hapa ndani kuna mtoto?"

"Hakuna."

"Mama yako anasema ile kitu uitoe sasa hivi. Anasema unajua."

"Hajui anachosema, Rafa. Hajaiona."

"Mimi nimetumwa kusema tu, kaka." Akarudi nyuma kwenye mvua. Hakuaga.

Mwanga wa nje ukawa unaisha. Burito akakaa na mikono mapajani, hakugusa kitu. Akajiambia, niiache mbichi. Si ndivyo nilivyoambiwa? Usikoleze, usifute. Mbichi imewabeba wote wawili muda wote huu, iendelee kuwabeba.

Krrr...

Hajabonyeza.

Zzzzz...

Taa ikatembea chini ya kifuniko, polepole kuliko siku zote. Picha mpya ikaanza kushuka. Kiti. Mama. Pale pa Mihayo, peusi. Ukungu ulikuwa umetoka kwenye marinda, umepita kifua, vinyuzi vimeshika kidevu cha Boke. Na kidevu cha Boke ndicho kidevu cha kichanga. Ukila mmoja, unakula wote.

Mwanamke alikuwa amekaribia kioo sasa. Mikono yote miwili mbele, viganja juu, namna unavyompokea mtoto kwa mtu.

Na nyuma ya shingo ya Burito, palipokuwa na ukuta, pakawa na pumzi. Ya maziwa.

"Nipe."

Hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye kimshale. Kulia, Tereza anapata picha yake, Burito anabaki anapumua, Boke anazama na aliye tumboni mwake. Na hata akishaipata, nani kasema itamtosha? Kichanga cha kwenye picha kimeshakua, kimekaa pale kwenye kiti, anakipumulia shingoni. Kushoto, Boke anajifungua, na Burito anakwenda kwa mama asiyemjua hata sauti. Katikati, ukungu unatembea.

Uko kwenye mdomo wa chini sasa.

Kidole chake kiko juu ya kipanya, mvua haina dalili ya kukata. Haya, wewe uliyekaa hapo. Ungevuta upande gani?